Dungu Lilipoangushwa

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Daftari hili lilikuwa la Soraya. Kurasa nne za kwanza ni hesabu zake za visehemu, na mwalimu ameweka alama nyekundu pembeni. Sikuzichana. Naanza kwenye ukurasa wa tano.

Mwanangu alikufa mwezi wa sita, homa ya siku tatu. Februari angetimiza miaka kumi na minne. Kila jioni tulikuwa tunaambiana mambo ya siku, hata yale madogo, kwa mfano nani amevunja mtungi. Sasa nitayaandika hapa.

Leo mpunga umeanza kutoa masuke. Shemeji Abdoul, mdogo wa marehemu mume wangu Ramazani, amejenga dungu katikati ya shamba lake. Ni miti minne mirefu, jukwaa juu, na paa la majani. Mtu anakaa pale tangu asubuhi kufukuza ndege. Mwaka huu amemweka Darlène, binti wa Kitwa, wale watu wa asili ya msituni, kutoka kambi yao iliyo ng'ambo ya kijito. Kipande changu kinapakana na shamba la Abdoul. Ramazani alipokufa, Abdoul aliniachia nikilime, na hajawahi kunikumbusha kuwa ni ardhi yao.

Alhamisi, 27 Novemba

Darlène anaimba akifukuza ndege. Sauti yake inafika mpaka uani kwangu. Ni wa umri mmoja na Soraya. Nilikwenda kutwanga muhogo ambao ulikuwa umeshatwangwa, ili nisisikie.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Paa la jikoni linavuja mahali palepale.

Jumanne, 9 Desemba

Nilipalilia. Darlène akanipigia kelele kutoka juu ya dungu:

"Mama Soraya! Ndege wako wanakula kuliko wewe! Angalia shingo yako!"

Nikamjibu achunge ndege wa Abdoul, wangu awaache. Akacheka. Baadaye niliona anatupa mawe upande wangu pia, ingawa hakuna aliyemwomba.

Saa sita Mado, mke wa Abdoul, alileta chakula. Sisi tulikula kwenye sahani. Darlène ana kopo lake la bati linaloning'inia kwenye mti wa dungu, na hakuna mwingine anayeligusa. Ndivyo tunavyofanya na Watwa tangu zamani. Wanatulimia, wanatuchungia, lakini hatunywi kikombe kimoja. Niliangalia lile kopo, nikaendelea kula.

Alhamisi, 18 Desemba

Masuke yamejaa. Abdoul amemwahidi Darlène kikapu kimoja cha mpunga mwisho wa mavuno. Mbali na hicho kuna haki ya kambi, ambayo haihitaji ahadi. Mwenye shamba akishavuna, anaangusha dungu lake mwenyewe. Kuanzia hapo masuke yaliyobaki ni ya Watwa, wanaingia na vikapu na hakuna anayewauliza. Dungu likiwa bado limesimama, hata kuku wao haingii. Sijawahi kusikia mtu amekosea hapo.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Nilibatizwa Jeannette, nikaingia dini ya mume nilipoolewa, lakini siku hii bado napika wali wa nazi. Jirani walikula. Kiti cha Soraya nilikitoa nje kabla hawajafika.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Tumeanza kuvuna. Tunakata suke moja moja kwa kisu kidogo. Vidole vinauma.

Jumatano, 7 Januari

Sehemu ya chini ya shamba la Abdoul imekwisha. Sehemu ya juu, ile ya mteremko, ndiyo kwanza inaiva, na ndege wamehamia huko. Abdoul akaamua kuhamisha dungu. Tulifungua kamba, mimi nikashika mti mmoja, tukaliangusha. Alitaka kulisimamisha tena juu leo hii hii. Kabla hatujabeba miti, kijana akafika na kinga, baiskeli yake, amechoka, matairi yamejaa tope. Baba yake Mado amefariki kijijini Wamaza. Abdoul na Mado wakaondoka mchana uleule, saa mbili za njia kwa mguu. Miti ya dungu imebaki majanini.

Darlène hakuwepo, alikuwa amepewa siku ya kupumzika. Hakuna aliyekwenda kambini kumweleza. Mimi pia sikwenda. Nilifikiri Abdoul atarudi kesho.

Jumamosi, 10 Januari

Nililoweka muhogo kijitoni. Darlène na wadogo zake wakavuka na vikapu vimejaa masuke, wanaimba. Nikajua wametoka sehemu ya chini, kuokota mabaki. Niliwapungia mkono.

Jumapili, 11 Januari

Hawakutoka sehemu ya chini.

Abdoul alirudi asubuhi na nguo za msiba, akapanda mteremko, akakuta nusu ya sehemu ya juu imekatwa. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka msikitini na kanisani pamoja. Alikwenda kwenye kituo cha polisi cha kijiji. OPJ, yule askari anayeandika dosie za kesi, akaenda kambini na watu wawili. Hawakutafuta. Masuke yalikuwa yameanikwa mbele ya nyumba, kwenye mkeka, kila mtu anayaona.

Nilifika kituoni wakati anaandika. Darlène alikuwa kwenye benchi, miguu ina vumbi, haelewi.

"Dungu limeanguka," anasema. "Nani ameangusha dungu? Siyo mi. Baba Abdoul ameangusha."

"Shamba lilikuwa na mupunga!" Abdoul akasema. "Huna macho?"

"Nilisema pengine umetuachia sisi wa kambi. Nikasema, mwaka huu Baba Abdoul amekuwa muzuri."

Watu wawili wakacheka. Hapo ndipo Abdoul alipokasirika kabisa. Akasema dungu ni la ndege, siyo karatasi ya mkataba, na kwamba wezi wa muhogo wa mwaka jana sasa wamejulikana.

OPJ akamuuliza Darlène miaka yake. Hajui. Hana karatasi. OPJ akamwangalia juu mpaka chini, akaandika: kumi na sita.

Niliona kalamu inaandika. Nilijua siyo kweli, na nilinyamaza.

Jumatatu, 12 Januari

Nimempelekea ugali na sombe ya majani ya muhogo. Analala kwenye chumba cha magunia nyuma ya kituo. OPJ siyo mtu mbaya. Amempa mkeka na ananiita mama. Aliniambia Alhamisi pikipiki inaenda mjini Kasongo na dosie, na mtoto atapanda pamoja na dosie.

"Huko watafanya nini naye?"

"Mama, mi naandika tu. Huko kuna parke, wale wa mashtaka, kuna mahakimu. Watamuangalia."

Clémentine, mama yake Darlène, amekaa nje ya kituo tangu jana. Hakuniangalia. Mimi pia nilipita haraka.

Nilipanda kilima ambako simu inashika, nikampigia Victorine. Tulisoma pamoja kwa masista Kasongo, yeye aliendelea, sasa ni asistan sosial, anashughulika na watoto waliokamatwa. Nilimweleza.

"Jeannette, akifika hapa na dosie, ataingia gereza la wanawake wakubwa akingojea. Hapa hakuna nyumba ya wasichana. Kulikuwa na mmoja aliyengoja miezi minane juu ya kesi ya mbuzi. Alitoka na mimba."

"Tufanye nini?"

"Vitu viwili. Kwanza, umri. Chini ya miaka kumi na minne sheria inasema hana hatia ya kujibu mbele ya hakimu, dosie inaishia pale. Nani anaweza kuonyesha miaka yake? Pili, mwenye shamba. Aondoe mashtaka, wakae wazungumze. Nitakuja kesho kutwa. Wewe tafuta mtu anayejua siku alizaliwa."

Nikasema nitatafuta. Nilishuka kilima polepole.

Jumanne, 13 Januari

Sina pa kutafuta. Mtu huyo ni mimi.

Naandika kwa sababu kesho nitalazimika kusema, na afadhali kwanza nione namna maneno yanavyokaa.

Soraya alizaliwa tarehe 2 Februari 2012, kwenye sentre ya afya. Nilipoteza damu nyingi, wakanibakiza. Siku ya tisa, jioni, walimleta Clémentine kwa machela. Alikuwa amejifungulia kambini siku tatu kabla, homa imempanda, maziwa hana. Walimlaza kwenye korido, juu ya mkeka, kwa sababu wanawake wa chumbani walikataa. Mtoto alilia usiku huo na asubuhi, halafu sauti ikaanza kupungua. Mkunga akaingia akauliza: "Nani iko na maziwa?" Wote wakageukia ukuta.

Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na jipu kwenye ziwa la kuume, kwa hiyo la kushoto lilikuwa linafanya kazi ya yote mawili. Nikasema, lete.

Nilimnyonyesha siku sita, asubuhi, mchana na usiku. Soraya upande huu wa mkono, yule upande ule. Siku ya saba Clémentine aliketi, maziwa yakatoka. Aliniomba nimpe mtoto jina. Kulikuwa na nesi mzuri aliyeitwa Darlène.

Ramazani alikuja kunichukua, nikamwambia. Alifikiri sana, halafu akasema, "Usimwambie mama." Mama yake angetupa vyombo vyote. Sikumwambia mama yake. Sikumwambia mtu yeyote miaka kumi na mitatu. Soraya mwenyewe hakujua. Mkunga alikufa, Ramazani alikufa. Nilikuwa nampita Clémentine kijitoni kama mtu asiyejulikana, na yeye alielewa, akaniachia.

Kwetu Waislamu jambo hili siyo dogo. Mtoto uliyemnyonyesha hivyo ni wako. Darlène ni ndugu wa kunyonya wa Soraya. Ramazani ni baba yake. Na Abdoul ni baba yake mdogo.

Jumatano, 14 Januari

Nitaandika yote nikiwa bado nakumbuka.

Victorine alifika saa nne, tope mpaka magotini, kofia ya pikipiki mkononi. Tukakaa mbele ya kituo: OPJ na meza yake, Abdoul na Mado, shefu wa kijiji, Mwalimu wa msikiti, ambaye Abdoul mwenyewe alimwita awe upande wake. Clémentine alikaa chini. Darlène kwenye benchi.

Victorine akaanza na dungu.

"Baba Abdoul, nani aliangusha dungu?"

"Mimi. Kwa kulihamisha."

"Ulimwambia mutoto unalihamisha?"

"Nilikuwa na msiba!"

"Pole kwa msiba. Ulimwambia?"

Akamgeukia Mwalimu. Mimi nikasema nilishika mti mmoja, na mimi pia sikumwambia. Abdoul akaniangalia kana kwamba nimemkanyaga mguu.

Victorine akauliza umri. OPJ akasoma: kumi na sita.

"Umejuaje?"

"Kwa macho, madamu."

"Macho yako yamesoma wapi?"

Shefu alikohoa ili asicheke. Hapo nikasimama. Nilikuwa na akte ya kuzaliwa ya Soraya, ile niliyoifunga kwenye plastiki tulipokimbia vita mwaka wa 2017 nikaiacha sufuria. Niliiweka mezani. Nikasema kama nilivyoandika jana, ila jipu nililiacha kwa aibu, na vibaya zaidi, kwa kurudia rudia. Nilipofika kwenye maneno "nikamnyonyesha" Mado alishika mdomo. Watu waliokuwa njiani walisogea.

OPJ alisema, "Mama, hii ni akte ya mutoto mwingine."

Victorine akajibu, "Mutoto wa siku tisa na mutoto wa siku tatu walilala mukono mumoja. Unataka wapishane miaka miwili?"

Abdoul alikuwa amesimama.

"Shemeji, unadanganya. Unamuhurumia kwa sababu mwana wako amekufa. Sasa unataka kuniletea mutoto wa Kitwa ndani ya nyumba ya kaka yangu."

Niliangalia akte mezani. Alikuwa amesema kitu chenye ukweli kidogo.

Victorine hakubishana. Alinichukua pembeni, nyuma ya nyumba, pamoja na Mado, akaniambia nisimame pale nisiseme. Halafu akamwita Clémentine upande mwingine na Mwalimu na shefu. Nilisikia sauti ya Clémentine tu, ndogo, kwa Kibangubangu. Waliporudi Mwalimu akasema:

"Clémentine anasema ulimupa mutoto ziwa la kushoto tu. La kuume lilikuwa na jipu, limefungwa na kitambaa cha maua ya manjano. Ni kweli?"

Kabla sijafungua mdomo Mado akasema, "Lile jipu mi nililikanda. Alipotoka sentre nililikanda wiki mbili, kwa maji ya moto. Na kitambaa kilikuwa changu, hajanirudishia mpaka leo."

Abdoul hakuweza kumwita mwongo, kwa sababu ni mke wake.

Mwalimu akanigeukia. "Mara ngapi, mama?"

"Siku sita, Mwalimu. Kila alipolia."

"Dini inahesabu mara tano. Inapita?"

"Inapita mara hamsini."

Akamwambia Abdoul, kwa upole kabisa, "Basi, Abdoul. Hakuna wa kukuuliza rai. Huwezi hata kumuoa wala kumuozesha mwanao. Ni mutoto wa kaka yako kwa maziwa. Unampeleka Kasongo?"

Abdoul alikaa. Halafu akauliza, na sikutegemea swali hilo: "Kaka alijua?"

"Alijua," nikasema. "Aliogopa mama."

"Sote tulimuogopa mama," Abdoul akasema.

OPJ alikata ile kumi na sita, akaandika kumi na tatu, akaweka jina langu kama shahidi. Abdoul aliweka kidole kwenye karatasi ya kuondoa mashtaka. Walikubaliana masuke yagawiwe: kikapu kimoja kibaki kambini kwa ile kazi ya ndege, mengine yarudi. Darlène ndiye aliyeuliza swali la mwisho, kutoka kwenye benchi.

"Sasa nimuite nani? Baba mudogo?"

"Nyamaza kwanza," Abdoul akasema.

Alhamisi, 15 Januari

Pikipiki imekwenda Kasongo. Nyuma alikaa Victorine, na gunia la maharage la OPJ.

Ijumaa, 16 Januari

Wanawake wawili waliokuwa wanaazima kinu changu wameazima kwa jirani. Kinu ni kilekile. Nilikiosha, halafu nikajiuliza ninakiosha kwa nini.

Jumapili, 18 Januari

Mvua ya kutwa. Abdoul amesimamisha dungu juu, kwa mpunga uliobaki. Amekaa mwenyewe. Ndege hawamwogopi.

Jumanne, 20 Januari

Darlène yuko juu ya dungu. Sijui nani alimwita. Mado alileta chakula, akatafuta kopo, halafu akampa sahani. Hakumwangalia usoni, na alipomaliza aliiosha sahani mara mbili. Lakini alimpa.

Abdoul hasemi na mimi, ananisalimu tu. Zamani ningesema ni mtu mgumu. Sasa nafikiri miaka yote hii aliniachia kipande kile cha shamba kwa ajili ya kaka yake, na sasa amejua kwamba kaka yake alimficha kitu. Hilo linahitaji muda.

Jumamosi, 24 Januari

Asubuhi Clémentine alikuja. Tangu niolewe hajawahi kuingia uani kwangu. Alisimama kwenye mlango wa ua na Darlène nyuma yake, nikawaambia wakae, nikawapa maji kwa kikombe ninachonywea. Clémentine alikishika muda kabla ya kunywa.

Halafu akasema, "Mama Soraya, umetukosea."

Nikafikiri ni ile miaka ya kumpita kijitoni. Nikaanza kuomba msamaha.

"Hapana, siyo ile. Ile naelewa. Soraya amekufa mwezi wa sita. Kwetu, ndugu akifa, unanyoa, na mama wa marehemu ndiye anakuita. Mutoto wangu amekaa na nywele miezi saba. Anaimba juu ya dungu, anacheka, na dada yake iko ndani ya udongo. Watu wetu sasa wanauliza, ni mutoto gani huyu."

Darlène aliangalia chini. Akasema polepole, "Mi sikujua, mama. Ningejua singeimba."

Nilimwambia nilipenda aimbe. Siyo kweli kwamba nilipenda, lakini leo ni kweli.

Clémentine alitoa wembe mpya kwenye nguo yake, bado uko kwenye karatasi. Nilifikiri atanyoa yeye. Akanipa mimi. Anayenyoa ni mama wa marehemu.

Nilileta beseni na sabuni. Darlène akakaa chini mbele yangu, mgongo kwenye magoti yangu. Nywele zake ni nzito. Nilianzia mbele. Yeye hakulia, mimi nililia, na ilibidi niache mara mbili nifute macho. Clémentine alishikilia beseni. Nywele zikajaa mapajani.

Abdoul alipita njiani na kamba za dungu begani. Alisimama kwenye mlango wa ua, mahali aliposimama Clémentine. Aliangalia kichwa, wembe, mimi. Nilingoja aseme neno la kutufukuza.

Akatua kamba, akainama kidogo, akaangalia vizuri.

"Nyuma ya sikio," akasema. "Pale umeacha."